Wosia kwa Wanangu Mnaounda Vifaa vya Wazazi

Wanangu wahandisi wa vifaa tiba,

Mimi mkunga nimekwisha kustaafu, na umri umenifikisha mahali ambapo mtu huanza kugawa alichonacho. Mali sina. Ninayo maneno machache kuhusu kazi mliyoichagua, nami nawausia myashike.

Kwanza, kabla ya kuunda chochote, kaeni leba mwone tatizo lenyewe. Damu ya mzazi aliyetoka kujifungua hunywewa na kanga, nyingine hujikusanya juu ya mpira uliotandikwa kitandani, nyingine hudondoka sakafuni. Ukiikadiria kwa macho, mara nyingi utaiona ndogo kuliko ilivyo. Dawa ya hilo ilikuwa plastiki ya kutandikwa chini ya mzazi, yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Haina betri wala skrini. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023, uliijaribu pamoja na utaratibu wake wa matibabu katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Palipofuatwa utaratibu huo, hatari ya mzazi kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, ilipungua kwa asilimia 60.

Angalieni vizuri hapo. Mfuko ule hauzuii hata tone. Unaonyesha tu damu ilipofika. Waliookoa maisha ni wakunga waliochukua hatua mara moja: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, kutundika dripu, kutafuta damu inakotoka na kuita msaada. Yote yalikwenda pamoja, hawakungoja moja lishindwe ndipo waanze jingine. Basi mkichora kifaa, mkumbukeni mkunga atakayekishika saa tisa usiku akiwa peke yake na wazazi watatu. Kikimwongezea kazi, atakiweka kabatini.

Pili, penda ubunifu wako, lakini usiuamini kabla ya kuupima. Daktari Sayeba Akhter wa Bangladesh alifunga kondomu kwenye mrija wa kutolea mkojo, akaijaza maji ya chumvi ndani ya mfuko wa uzazi ili igandamize panapovuja. Ni akili safi, ya mtu asiyekubali mgonjwa afe kwa kuwa puto la kiwandani ni ghali, na wengi waliiga. Hata hivyo, mbinu ya namna hiyo ilipofanyiwa jaribio la kulinganisha nchini Benin na Mali, haikuonyesha faida iliyotarajiwa. Hilo halimvunjii daktari heshima. Linatufundisha kuwa nia njema haitoshi kuwa ushahidi.

Tatu, mwanamke aulizwe, na jibu lake lifuatwe. Spekulamu, chombo cha kuchunguzia uke, inayobeba jina la daktari J. Marion Sims ina historia nzito: huko Alabama, katika miaka ya 1840, aliwapasua wanawake watumwa wenye fistula, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, mara nyingi, bila dawa ya usingizi. Hawakuwa na uwezo wa kukataa. Zaidi ya karne baadaye, kitanzi cha kuzuia mimba kilichoitwa Dalkon Shield kiliuzwa Marekani kuanzia mwaka 1971. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi nyingi ndani ya ala moja, ukapandisha vijidudu hadi kwenye mfuko wa uzazi. Wanawake waliugua, wengine wakapoteza uzazi, wengine wakafa, na mwaka 1974 kikaondolewa sokoni huko. Uzi tu, wanangu! Mama akilalamika kwamba kifaa chako kinamuumiza, usimwambie atazoea. Rudi mezani.

Nne, kifaa kisicho na fundi wala kipuri karibu ni mzigo kwa zahanati. Kabla hujakikabidhi, hakikisha yupo wa kukitengeneza, na kwamba kinaweza kusafishwa kwa maji na dawa zilizopo pale pale.

Wanangu, sifa zitakuja au hazitakuja, msizikimbilie. Heshimuni wakunga, kwa kuwa wanajua msichofundishwa darasani. Na kila mnapoandika ripoti, hesabuni kwanza wazazi waliorudi nyumbani wazima, ndipo mhesabu vifaa vilivyouzwa.

Mungu awabariki, aitie mikono yenu ustadi.

Mama yenu, mkunga mstaafu.