Maili Moja Kabla ya Njia Nane

Mpwa wangu anasoma utalii chuoni. Mwalimu wao aliwataka kila mmoja aandike vivutio vya kihistoria vya mji anaotoka. Yeye ni mtoto wa Kibaha, kazaliwa Tumbi, kakulia Kwa Mathias, lakini karatasi yake ilijaa Bagamoyo mwanzo hadi mwisho: magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki, boma la Wajerumani. Nilipomuuliza mji wake uko wapi humo, akanijibu kwa adabu zote: "Mjomba, Kibaha hakuna cha kale. Kibaha watu wanapita tu."

Wanapita kweli. Tangu barabara ya Morogoro ipanuliwe njia nane kutoka Kimara, basi la bara linatukata katikati huku abiria wake wamesinzia. Lakini jibu lile liliniuma. Bagamoyo hatuwezi kushindana nayo kwa umri, na wala hatuna haja. Kibaha ina majengo ya namna yake: majengo ya nchi iliyojitawala jana yake, haina shule za kutosha, haina waganga, na wakulima wake wanalima kama walivyolima babu zao. Nani mwingine Tanzania ana mji mzima uliojengwa kujibu mambo hayo matatu kwa pamoja, katika shamba moja, kwa wakati mmoja?

Nazungumzia Shirika la Elimu Kibaha. Tarehe nimezihakiki: mradi ulianza mwaka 1963, kwa mapatano ya Tanganyika na nchi tano za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Sekondari ikafunguliwa 1965. Tarehe 10 Januari 1970 nchi hizo zikakabidhi kila kitu kwa serikali. Anayezitaka ndizo hizo. Mimi katika miaka hiyo nilikuwa mtoto wa fundi seremala wa Shirika, na ninachokumbuka ni vumbi la mbao kwenye nywele za baba, na kelele za vifaranga.

Vifaranga vilikuwa habari kubwa. Wakulima walikuja kujifunza ufugaji wa kuku wa kisasa, wakarudi kwao na maboksi ya kadibodi yenye matundu, yanalia njia nzima. Basi likisimama, ulijua kabla hujachungulia kwamba ndani mna mtu anayetoka Shirika. Harufu ya mabanda ilivuka mpaka nyumba za wafanyakazi, na mama aliyekuwa akiisema vibaya asubuhi ndiye aliyetutuma mayai jioni. Ukitoka hapo unakutana na maktaba. Sijui mtoto gani wa kijijini miaka ile alikuwa na maktaba ya kuingia pekupeku akitoka kuchunga mbuzi. Sisi tulikuwa nayo. Upande wa pili shule ya wavulana, ambako Jakaya Kikwete alisoma kabla hajawa yeyote, na hospitali ya Tumbi, ambako majeruhi wa barabara hii wamekuwa wakiletwa miaka nenda rudi, usiku na mchana.

Lakini nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kumpeleka mgeni, ningempeleka dukani kwa Ami. Hapapo tena.

Duka lilikuwa Maili Moja, limetazama barabara, milango miwili ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani. Ami alikuwa Mshihiri, mrefu, ana shuka kiunoni na fulana nyeupe, na jina lake halisi wengi wetu tulilisikia siku ya maziko yake. Ukivuka kizingiti kwanza ilikupokea harufu: mafuta ya taa, kwa sababu pipa lilikuwa pale pale mlangoni, halafu sabuni ya mche, halafu ng'onda, na nyuma ya yote hayo kanda la tende lililobonyezwa pembeni ya kaunta, ambalo nzi walilijua kuliko sisi. Sukari aliipima kwa mizani ya mawe, akaimimina kwenye karatasi ya gazeti aliyoisokota kwa mkono mmoja bila kuitazama. Nilisoma habari nyingi za nchi hii kwenye karatasi zile, vipandevipande, zikiwa na chembe za sukari.

Duka lile ndilo lililokuwa posta yetu. Mtu wa Visiga aliyekwenda Dar es Salaam aliacha ufunguo kwa Ami. Barua za watu wa Kongowe zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, mpaka mwenyewe apite. Mwalimu mgeni akishuka kwenye basi na begi lake, hakuuliza njia kwa mtu mwingine. Ami alimpa kiti, akampa chai ya tangawizi, akamwita kijana wa kumsindikiza Shirika. Wazungu wa Nordiki walikuja kununua kanga kwake, akawasomea maandishi yake moja baada ya jingine kwa sauti ya heshima, na kama neno lilikuwa la kumpiga mtu kijembe aliwashauri wachukue jingine. Daftari lake la mikopo lilikuwa na majina ya mji mzima. Baba alidaiwa humo, kama wengine, na sikumbuki siku ambayo Ami alimtajia deni lake mbele ya watoto wake.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Msomaji wa umri wangu anaijua, wa umri mdogo atawauliza wazazi wake. Maduka mengi yalibaki na viberiti na dawa ya mbu. Ami akipata mche mmoja wa sabuni aliukata vipande vyembamba kwa uzi, akavipanga kaunta, kipande kwa nyumba, na aliyefiwa alipewa viwili kwa sababu ana nguo za msiba za kufua. Nimewasikia watu wakiwatukana wenye maduka wa enzi ile wote kwa jumla kwamba walikuwa walanguzi. Wanaosema hivyo hawakupanga foleni Maili Moja.

Jioni upepo ukigeuka, ulitupata moshi wa kiwanda cha korosho. Maganda ya korosho yana mafuta makali. Yakiungua, moshi wake unawasha macho na kukwaruza koo. Tuliulalamikia. Kiwanda kilipokuja kunyamaza, kama vilivyonyamaza viwanda vingine vya korosho nchini, hewa ilikuwa safi na kina mama waliokuwa wakibangua humo walikaa barazani mchana kutwa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Ikaja ruksa ya biashara, ikaja mitumba, maduka ya Maili Moja yakajaa redio na mabeseni ya plastiki. Ami akafariki, wanawe wakahamia mjini. Lile eneo la TAMCO, yalikokuwa yakiunganishwa malori ya Scania, likaanza kupata viwanda vingine, kikiwemo kile cha viuadudu vya mbu kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Tumbi ikakua ikawa hospitali ya rufaa. Halafu zikaja alama za X nyekundu ukutani, za kubomolewa. Duka la Ami, wakati huo limekuwa kibanda cha kutuma pesa na kuuza vocha, likapewa yake. Soko nalo likahamishwa. Barabara ilihitajika, foleni ya Kimara ilikuwa mateso, sibishani na hilo. Kinachoniudhi ni kwamba hapakupigwa hata picha. Mji uliondoa kitovu chake na hakuna aliyekuja na daftari kuandika nani alikaa wapi.

Mwaka 2014, kwenye maonesho makubwa ya usanifu majengo kule Venice, banda la Norway, Sweden na Finland lilihusu majengo yaliyojengwa na wasanifu wa Nordiki katika Tanzania, Kenya na Zambia miaka ya mwanzo ya uhuru. Waliojenga wanaikumbuka kazi yao kiasi cha kuipeleka Italia. Huku tulikojengewa, anayesomea utalii anaambiwa aende Bagamoyo.

Basi nilimtoa mpwa wangu asubuhi, tukatembea. Nilimwonyesha nyumba za wafanyakazi wa Shirika na veranda zake, nikamwonyesha maktaba. Tukapanda daladala hadi Mlandizi, karibu na mtambo wa maji wa Ruvu Juu, unaofanya kazi tangu 1959. Maji ya nusu ya utoto wa Dar es Salaam yalitoka hapo, yakapita kwenye bomba kando ya vijiji vyetu vilivyokuwa vikichota visimani. Nikamwambia siku nyingine ashuke Soga, aione reli ya Mjerumani, iliyofika Morogoro 1907, na hii ya kisasa ya umeme ipitayo hapo hapo tangu 2024. Na akiwa na nauli aende Kisarawe, apande Minaki, ambako Waanglikana walihamishia chuo chao cha Kiungani kutoka Unguja katika miaka ya 1920. Kwa Mfipa alikuwa anakujua mwenyewe, ile shule ya uongozi ya vyama sita vya ukombozi iliyofunguliwa 2022. Hiyo ina geti, ina bustani, ina jina la Mwalimu Nyerere kwa herufi kubwa, na itakumbukwa bila msaada wangu.

Wasiwasi wangu ni kwa wasio na geti. Wapishi wa bweni, madereva wa trekta, wakunga wa mwanzo wa Tumbi, waliowafundisha Wazungu wale Kiswahili jikoni: waliobaki ni wachache, wengine wako Misugusugu na Visiga, masikio mazito lakini kumbukumbu kali. Mpwa wangu ana simu inayorekodi sauti. Nimemwambia aanze na wapishi, na aende asubuhi, kabla jua halijawachosha.