Mishipa Inayokomea Ukutani

Aghalabu binadamu hudhani kwamba palipo na uhai sharti pawe na damu. Ovari inaipinga dhana hiyo. Ndani yake mna vifuko, kila kimoja na yai lake, na kifuko kinapokua mishipa ya damu hukizunguka mithili ya wavu. Hata hivyo, mishipa hiyo hukomea ukutani. Utando mwembamba huizuia, na seli zinazolilea yai hazipati hata mshipa mmoja. Chakula na hewa huzifikia kwa kupenya tu. Yai, asili ya damu zote, hukulia pasipo damu.

Kuuona wavu huo kulidai kifo. Mnamo 1926, Dorothy Andersen wa Marekani alichapisha utafiti wake kuhusu mishipa ya damu na ya limfu katika ovari za nguruwe. (Ndiye ambaye baadaye alinyimwa nafasi ya kusomea upasuaji kwa kuwa ni mwanamke, akageukia uchunguzi wa maiti, na mwaka wa 1938 akaueleza ugonjwa wa sistiki faibrosisi.) Enzi hizo wataalamu walidunga wino au rangi katika mishipa ya kiungo kilichokwisha kutolewa mwilini, kisha wakakitazama kwa hadubini. Ovari moja ilieleza siku moja tu. Aliyetaka kujua mishipa inavyobadilika alilazimika kupanga ovari za wanyama wengi, kama anayesimulia safari ya mtu mmoja kwa nyayo za watu ishirini.

Leo mwanamke hupimwa kwa mawimbi ya sauti, akaenda zake nyumbani, akarudi baada ya siku mbili, na ovari ni ile ile. Kifuko huonekana kama duara jeusi, kwani umajimaji haurudishi mwangwi. Kandokando yake huwaka nyekundu na buluu. Rangi hizo, msomaji asidanganyike, hazitofautishi damu safi na chafu. Zaonyesha tu damu inayokijia chombo na inayokipa kisogo. Yai linapokaribia kutoka, mzunguko wa damu ukutani huongezeka. Kisha ukuta hupasuka, yai likaenda, na mishipa ikafurika mle ilimokatazwa kuingia. Kifuko hugeuka tezi ya manjano, miongoni mwa sehemu za mwili zenye damu nyingi kupindukia. Panya walioziliwa protini inayoita mishipa, katika jaribio lililochapishwa 1998, tezi yao haikustawi.

Waama, picha hii nayo ina upofu wake. Mishipa midogo kabisa, ambamo damu hujikokota, haionekani. Hiyo ingali ya hadubini. Wapo matabibu waliotumaini kwamba mng'ao wa ukuta ungewaonyesha kifuko chenye yai bora, lakini tafiti hazijaafikiana. Naye mwanamke anayetamani mtoto hukodolea macho duara lile jeusi akiamini analiona yai. Halionekani. Upana wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, nalo limo humo gizani, mbali na zile rangi.