Majuma mawili ambayo hayana mutoto

Mutanisamehe nikileta hapa mambo ya ndani ya nyumba yangu. Ninakuandikia zaidi wewe baba, mutu wa mugodi, unayekaa mbali na bibi yako kwa ajili ya kazi.

Mwaka 1996 nilikuwa ninafanya kazi Kolwezi. Bibi na watoto walibaki Likasi. Nilikaa miezi mitatu bila kurudi. Nikafika nyumbani siku ya posho, tarehe 15 Juni, na kazi ikasimama, nikabaki. Kisha bibi akabeba mimba, na mimi nikafurahi.

Tarehe 24 Septemba alikwenda ku CPN, akarudi na fishi. Mimi nimezoea hesabu: kazini ndimi niliyeandika saa za watu. Basi nikakamata kalenda. Fishi ilisema mimba ya majuma 16. Tangu nirudi, yalikuwa majuma 14 na siku 3 tu. Nikahesabu tena, na tena. Ndipo nikatoa neno ambalo hata leo linaniuma: “Mbele ya mimi kufika, nani alikuwa hapa?”

Bibi yangu hakulia. Alisema tu: “Baba, juu ya nini unaniuliza vile?” Akafunga nguo zake na za mudogo ndani ya kitenge, akaenda kwao.

Mama mukwe hakunitukana. Alinitumia neno kwa kinywa cha shemeki: “Aende mwenyewe kuuliza wale walioandika.” Nikaenda, na fishi mu mufuko.

Mama munganga, muzee aliyezalisha watoto wengi wa kambi yetu, alicheka kwanza, kisha akakasirika. “Mwana wangu, sisi hatuhesabu tangu siku mwanaume aliingia mu nyumba. Tunahesabu tangu siku ya kwanza mwanamuke aliona mwezi mara ya mwisho. Ile siku anaiona kwa macho. Siku mimba iliingia, nani anaiona?” Bibi yangu aliona mwezi tarehe 4 Juni, mimi nikiwa bado Kolwezi. Kwa mwanamuke anayeona mwezi kila siku 28, yai linatoka karibu siku ya 14. Kumbe majuma mawili ya kwanza ya fishi hayana mutoto ndani! Fishi inahesabu majuma 40, lakini mutoto mwenyewe anakaa tumboni karibu 38.

Akanionyesha hesabu, ile inayoitwa kwa jina la Naegele, munganga wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1851. Tarehe 4, uongeze siku 7: 11. Toka Juni urudi nyuma miezi mitatu: Machi. Basi, 11 Machi 1997.

Nikamuuliza, na kama mama ananyonyesha, akabeba mimba bila kuona mwezi? Hiyo inapatikana sana kwetu. Akasema, hapo mikono ndiyo inasema. Karibu majuma 12 tumbo la uzazi linapanda juu ya mufupa wa chini. Majuma 20 linafika ku kitovu. Kisha wanapima kwa metre, na sentimetre zinakaribia hesabu ya majuma. Tena mama akumbuke siku mutoto alianza kucheza, mara nyingi kati ya majuma 16 na 20. Leo kuna ekografi pia, lakini ifanywe mapema, mbele ya majuma 24. Ukichelewa inaweza kukosea sana, kwa kuwa watoto hawakui tena sawasawa.

Na usifikiri hesabu hii ni ya kumaliza matata ya bwana na bibi tu. Dawa ya kukinga malaria inaanza kutolewa tangu mwezi wa ine, na mutoto anayepita majuma 42 tumboni anaweza kuwa katika hatari. Asiyejua tarehe atajuaje kwamba imepita?

Nilikwenda kwa wakwe na mbuzi. Mama mukwe aliipokea bila kuniangalia. Bibi alirudi, lakini siku nyingi alinipa chakula bila neno.

Mutoto alizaliwa 14 Machi 1997, siku tatu nyuma ya tarehe, wakati sisi wote tulikuwa ku redio tukingoja habari za Kisangani. Mutoto muke. Leo yeye mwenyewe ana mimba, na bwana yake anafanya kazi Kolwezi. Mbele hajaona fishi, nilimwita kwa telefone, nikamwelezea majuma yale mawili.

Akashangaa: “Baba, juu ya nini unaniambia vile?”

Bibi yangu alikuwa karibu, anasikia. Akacheka mupaka machozi.