Besi Ilikuwa Yangu

Fundi wa mitambo niliyemlaumu mbele ya watu, katika harusi iliyofanyika kwenye nyumba moja ya Ndia Kuu, Mombasa, hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nililijua muda mrefu kabla ya kulisema. Nitalieleza lote, la ufundi na la ulimi, maana la ulimi ndilo lililomtia mtu hasara.

Mimi hupiga gitaa la umeme katika kikundi kidogo cha taarab. Baada ya kuchoka kubeba amplifaya nzito kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, nilinunua modela, yaani kisanduku cha dijitali kinachoiga amplifaya, spika zake, na hata maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika hizo. Si uvumbuzi wa juzi; Line 6 walitoa POD yao mwaka 1998. Nikaiunganisha na spika ya inchi 12 yenye amplifaya ndani yake, ya aina inayotumika kwenye mikutano na mahubiri, nikadhani nimemaliza.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba spika ya gitaa ni chujio. Chukua Celestion Vintage 30, mojawapo ya spika zinazoigwa sana na modela: watengenezaji wanaitaja kuwa inafanya kazi kati ya hezi 70 na 5,000. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi hutoa hezi 82. Basi spika ile hubeba gitaa, na yaliyo chini ya gitaa, kama kishindo cha kiganja kwenye nyuzi au mtetemo wa mbao, hufifia. Spika ya mikutano haichuji hivyo. Hushuka hadi hezi 50 au 60 na kutoa kila inachopewa. Tena maikrofoni inayoigwa ndani ya modela kwa kawaida ni ile iliyobanwa karibu kabisa na spika, na maikrofoni nyingi za aina hiyo huongeza besi kadiri zinavyosogezwa karibu.

Juu ya hayo nikaongeza langu. Sauti zangu nilizitengeneza usiku, chumbani, kwa sauti ya chini, kwa sababu dirisha la jirani linatazamana na langu na ana watoto wadogo. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Maabara za Bell walionyesha kwamba sikio, sauti ikiwa ndogo, husikia besi kwa uhafifu kuliko sauti za katikati. Ikipandishwa, besi hurudi kwa nguvu. Mimi nikiwa chumbani niliona gitaa limekonda, nikalinenepesha. Kisha nyuma ya spika nikakuta swichi ya kuchagua aina ya kazi, nikaiweka kwenye muziki, kumbe chaguo hilo nalo lilikuwa linapandisha besi.

Siku ya harusi tulipiga ukumbini, ghorofa ya chini. Wanaume walijaa barazani na njiani, wanawake wako juu. Wanaozijua nyumba zetu za mawe wanajua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba vingi havizidi mita 3 hivi. Ule ukumbi una mita 2.8. Kwa joto letu sauti husafiri kiasi cha mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili za upana huo hujijenga kwenye hezi 62, na tena kwenye 124. Noti ya B, uzi wa tano kidole cha pili, ni hezi 123 na nusu. Wimbo wetu mkuu wa usiku ule ulikuwa unatua kwenye B hiyohiyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene. Besi haipiti kama inavyopita kwenye mbao au mabati, hurudi ndani. Na spika nilikuwa nimeilaza sakafuni, pembeni kabisa, ambako kila uso mkubwa ulio karibu unaweza kuiongezea besi hadi desibeli 6.

Fundi aliona. Akaniambia kwa upole, kabla hatujaanza, “Yakhe, hiyo spika iinue, uitoe pembeni.” Nikamjibu, “Wewe angalia miksa yako.”

Sauti nzito hufunika zilizo juu yake, na maneno ya mwimbaji yako huko juu. Katika taarab ya Mombasa maneno si pambo. Juma Bhalo alipendwa kwa sauti na kwa mahadhi yake ya Kihindi, lakini watu walikuwa wakingoja tungo alizoziimba, nyingi zikiwa za Ahmad Nassir, na walizijadili barazani kesho yake. Mama wa bwana harusi alikuwa ameomba beti maalumu kwa mshairi wa mtaani, za kumkaribisha mkwewe. Ziliimbwa zote, na wanawake ghorofani hawakupata neno; walipata mvumo. Mwimbaji alinigeukia akaninyoshea kiganja chini. Mimi, kwa kuwa sikulisikia gitaa langu vizuri, nikapandisha.

Mama yule alipotuma mtoto kuuliza kulikoni, nilisema kwa sauti ya kusikika barazani kwamba fundi hajui kazi. Fundi hakujibu. Harusi iliyofuata ya ukoo ule aliitwa mtu mwingine, na kiongozi wetu naye akatafuta mwingine. Mimi sikufungua mdomo.

Ukweli niliupata mazoezini. Niliiinua spika kwenye stendi, nikaitoa ukutani, nikarudisha swichi mahali pasipoongeza kitu, mvumo ukapungua nusu. Kisha, tukiwa tunapiga kwa sauti ya kazini na mpiga besi akiwepo, nikakata kila kilicho chini ya hezi 100, nikapunguza kidogo kwenye 124. Nilifanya hivyo kwenye ikwalaiza ya jumla ya modela, si kwenye kila sauti peke yake, kwani vyumba hubadilika. Gitaa peke yake lilisikika jembamba. Pamoja na wenzake lilikaa mahali pake, na maneno yakatoka.

Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwa fundi siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilifurahia kusifiwa kwa sauti mpya, na ushauri ulikuwa wake. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta anatengeneza feni dukani kwa mtu. Nikamwomba radhi, naye akaniambia radhi ya pembeni haitoshi, kwa kuwa nilimsema hadharani. Yuko sahihi. Nimewaambia wenzangu wa kikundi, nimekwenda kwa kiongozi, na Ijumaa baada ya sala nililisema barazani, kwa watu walewale.

Bado mama wa bwana harusi. Nimemwomba mwimbaji twende tukamwimbie zile beti nyumbani kwake. Amekubali kwa sharti moja: mitambo ashike fundi yule, alipwe ujira kamili, na mkono wangu usiguse kitufe cha sauti.