Wanawake 50 wa Ngome ya Yesu

Wengi wetu tukifika Mombasa mawazo huwa ni bahari, maduka ya leso na viazi vya karai. Si vibaya. Lakini sisi tunaopenda mambo ya kale hatuwezi kupita Mji wa Kale bila kuingia Ngome ya Yesu, na safari hii tuliingia pamoja na watoto.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake nene zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, zikitazama njia ya kuingilia bandarini. Aliyeishika ngome aliishika bandari na biashara yake. Ndiyo sababu iligombewa mara nyingi kwa damu.

Watoto huikimbilia mizinga. Waacheni waishike, kisha waelezeni habari ya mwaka 1696. Mwezi wa Machi mwaka huo Waarabu wa Omani waliizingira ngome. Ndani walikuwamo askari wachache wa Kireno pamoja na wenyeji wa pwani waliokuwa upande wao. Baadaye tauni iliingia. Kufikia katikati ya 1697 Wareno walinzi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki kuilinda ngome ni Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Hebu tuhesabu, akina mama. Sheikh, jamaa zake na wale wanaume 8 ni watu 26. Wanawake hao walikaribia kuwa mara mbili yao! Ngome ilishikiliwa hivyo hadi Septemba 1697, meli ya Wareno ilipoleta msaada. Iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Hatusemi kwamba vita vile vilikuwa vyao, wala kwamba walipenda kufungiwa humo. Tunachosema ni kwamba jina la Sheikh tunalo, na majina ya makapteni yapo, lakini akina mama hawa tunawajua kwa hesabu tu. Ukisimama uani jua likiwaka, ukafikiria kiu, maradhi na maiti za kuzikwa, hesabu hiyo inakuchoma moyo.

Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Humo mtaona vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama karibu na ngome mwaka 1697, na michoro waliyoiacha Wareno ukutani.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Vaeni viatu vya chini, bebeni maji, na watoto wadogo washikwe mkono huko juu ya kuta.

Na jioni, miguu ikiwa imepumzika, wapeni watoto kalamu na karatasi. Waandike majina ya bibi zao wa pande zote mbili, na mama za bibi hao, na kazi walizofanya. Msipoyajua, waulizeni wazee wangali hai. Nyumba nyingi zinajua ukoo wa baba hadi kizazi cha tano, na za mama zinaishia kwa bibi.