Kutoka Sumbawanga Hadi Kipili

Tuliteremka kutoka Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, hata Kipili, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi. Kina cha ziwa hupata mita 1,470; lakini mzamiaji wa starehe mwenye mafunzo ya kwanza hukomea mita 18, na mafunzo ya juu humfikisha 40 tu. Kadiri azamavyo, naitrojeni humwingia mwilini. Akipanda Ufipa siku ile ile, mgandamizo wa hewa hupungua, naitrojeni ikafanya mapovu, ikamtesa viungo au kumpoozesha. Tena ziwa lenyewe li juu: hesabu za baharini hazitoshi. Basi mzamiaji na alale Kipili, mlima haukimbii.