Kamera Nyeusi ya Mjomba

Viko vitu vinavyozeeka kwa kutupwa, na viko vinavyozeeka kwa kutumika. Kamera nyeusi niliyorithi kwa mjomba wangu wa Kibaigwa ni ya namna hii ya pili, nami nalichelewa kulitambua jambo hilo.

Ni Leica II, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1932. Babu aliinunua Kongwa kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, baada ya mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 kuvunjwa mwaka 1951. Babu alimpa mwanawe, na mwanawe akaifanya jembe lake. Alipiga picha za harusi, za wachukuzi wa magunia, na baadaye za wafanyabiashara waliotaka kumbukumbu mbele ya malori yao katika soko la mahindi.

Kamera hiyo hujaa kiganjani, lakini ni nzito kuliko macho yanavyodhani, maana vifuniko vyake ni vya shaba. Juu ya shaba imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama maji ya kisima. Kando ya tundu la kutazamia lipo tundu la kupimia umbali. Ukichungulia humo, huona sura mbili za mtu mmoja. Ukizungusha lenzi, sura hizo husogeleana, na zikiungana umbali umepatikana. Mjomba alikuwa na mazoea ya kumwambia mtu aliyesimama mbele yake, "Tulia, bado mko wawili."

Rangi hiyo haina ugumu wa kromu. Huliwa pembeni kwanza, kisha popote mkono unapozoea kukaa. Chini, mahali pa kufungulia ili kutia filamu, ilikuwa imekwisha kabisa. Nyuma ya kirungu cha kuvutia filamu shaba ilikuwa imejitokeza kwa umbo la kidole gumba cha mjomba.

Mwaka 2003 mjomba alisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam kuhudhuria mahafali yangu. Alipoitoa kamera mfukoni, naliona haya mbele ya wenzangu. Nalimwambia, "Mjomba, usijisumbue, nimekwisha kumlipa mpiga picha." Alijibu, "Haya, mpwa wangu," akafuta lenzi kwa pindo la shati, akairudisha mfukoni. Mpiga picha niliyemlipa sikumwona tena. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nami naliuacha, na siku ile haina picha hata moja. Mjomba alifariki mwaka 2011, wala hakulitaja neno hilo.

Kamera iliponifikia, fundi mmoja alijitolea kuipaka rangi upya. Nalikaribia kukubali. Kisha nalifikiri kwamba angefunika mahali pekee ambapo mkono wa mjomba ulikuwa bado unaonekana, nikakataa. Baadaye nalipata habari kwamba mwaka 2015 kampuni ya Leica yenyewe ilitoa seti 125 za kamera mpya ambazo rangi yao nyeusi ilikwanguliwa kwa mkono kabla ya kuuzwa, ili zifanane na zilizotumika miaka mingi. Sikuwacheka wanunuzi wake, maana nalijua wanatafuta nini. Ila uchakavu wa kununua hauna mwenyewe. Mpini wa jembe hulainishwa na aliyelima.

Mwaka jana nalikwenda nayo Kibaigwa. Naliweka kidole gumba changu penye shaba, kikaangukia kando kidogo. Mkaza mjomba alikaa kwenye kigoda mlangoni, akatengeneza khanga yake, akaniuliza, "Bado niko wawili?" Nalichungulia, nikamjibu kwamba bado, nikazungusha lenzi taratibu.